Babu Anatetemeka: Akae Apumzike au Atoke Jasho?

Katika somo letu la leo tunazungumzia ugonjwa ambao vijana wengi wameuona kwa macho lakini hawaujui kwa jina. Mkono wa mzee unatetemeka akiwa amekaa tu, hafanyi kitu. Akitembea, hatua zake ni fupi fupi kama mtu anayeogopa kuteleza. Uso umetulia, hacheki, hata wajukuu wanadhani babu amekasirika. Sauti imekuwa ya chini. Akiandika jina lake, herufi zinaanza kubwa na kuishia ndogo kama sisimizi.

Sasa, nyumbani tunafanya nini? Kwa kuwa tumelelewa vizuri, tunamkalisha. "Babu, kaa tu, nitakuletea." Maji tunamletea, kiti tunamsogezea, na dukani tunamkataza kwenda asije akaanguka. Hiyo ni heshima, na heshima si kitu kibaya. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa huu, kukaa kutwa nzima ni hasara. Mazoezi ya kupandisha pumzi ni sehemu ya matibabu yake. Soma mpaka mwisho uone kwa nini, na namna unavyoweza kumsaidia bila kumwumiza.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Unaitwa ugonjwa wa Parkinson. Jina limetokana na James Parkinson, daktari wa London, ambaye mwaka 1817 aliandika kijitabu kuhusu watu 6 waliokuwa wakitetemeka na kutembea kwa shida. Baadhi yao aliwaona barabarani tu. Kwa hiyo ugonjwa huu haukuanza jana. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Wengi ni wazee, ingawa wapo wachache wanaoanza kuugua kabla ya kufika miaka 50.

Bila shaka umesikia habari za Muhammad Ali, bondia aliyemwangusha George Foreman kule Kinshasa mwaka 1974. Huyo alisifika kwa wepesi wa miguu kuliko mabondia wote wa uzito wake. Mwaka 1984 madaktari wakamwambia ana Parkinson. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, Marekani, mkono wake ukitetemeka mbele ya dunia nzima, wala hakuuficha. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 74.

Dalili kubwa za ugonjwa huu ni nne:

1. Kutetemeka kwa mkono au mguu wakati umepumzika. Mara nyingi huanza upande mmoja. Lakini angalia: si kila mgonjwa anatetemeka.
2. Mwendo kuwa wa polepole. Kufunga vifungo vya shati peke yake kunachukua muda mrefu.
3. Viungo kukakamaa. Ukijaribu kuukunja mkono wake unahisi kama unashindana nawe.
4. Kuyumba na kuanguka. Hii kwa kawaida huja baadaye.

Ziko na nyingine zisizoonekana kwa urahisi: kutosikia harufu, kufunga choo, kupiga kelele na kurusha mikono usingizini, na huzuni isiyo na sababu. Baadhi ya hizo zinaweza kuanza miaka mingi kabla ya kutetemeka.

KONDA HAYUPO

Fikiria daladala, au matatu kama uko Kenya. Dereva yupo. Injini inanguruma. Abiria wameshaingia na kujaa. Lakini gari haliondoki mpaka konda agonge bodi: twende!

Sehemu ya ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna kijieneo cheusi chenye seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ndiyo konda wetu. Misuli ya mgonjwa inaweza kabisa kufanya kazi, na kutembea anakujua tangu utotoni. Kinachopungua ni ile ishara ya kuanza, kuongeza mwendo na kubadilisha mwelekeo.

Katika ugonjwa wa Parkinson, seli hizo hufa kidogo kidogo. Kwa nini zife kwa mtu huyu na zisife kwa jirani yake, sayansi haijapata jibu kamili. Umri unachangia, urithi unachangia kwa baadhi ya watu, na baadhi ya sumu za kuulia wadudu na magugu shambani zimehusishwa nao. Dalili zinapoanza kuonekana, sehemu kubwa ya seli hizo imeshapotea.

Dawa kuu inaitwa levodopa, nayo ilianza kutumika miaka ya 1960. Ikifika kwenye ubongo inageuzwa kuwa dopamini. Ni kama kumchukua konda wa deiwaka: gari linaondoka tena. Tatizo ni kwamba kadiri miaka inavyokwenda, nguvu ya kila kidonge inaisha mapema zaidi. Na tatizo jingine ni letu sisi: katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, dawa hii haipatikani kila mahali, au inapatikana kwa bei ambayo familia haiwezi.

Hapo ndipo mazoezi yanapoingia.

MAZOEZI YA AEROBIKI NI YAPI?

Ni mazoezi yanayotumia misuli mikubwa, hasa ya miguu, mfululizo kwa dakika nyingi, mpaka moyo unakwenda mbio na pumzi inapanda. Kwenye Biolojia umesoma kwamba seli hutumia oksijeni kupata nishati. Basi katika mazoezi haya, moyo na mapafu vinachapa kazi kuipeleka oksijeni hiyo mwilini. Kutembea haraka, kuendesha baiskeli, kuogelea, kupanda kilima na kucheza ngoma, yote hayo yamo. Kunyoosha viungo ni kuzuri, lakini hakumo.

Utajuaje kama mtu amefikia kiwango? Zipo njia mbili.

Ya kwanza ni maongezi. Kama anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani. Kama anasema maneno machache tu kisha anavuta pumzi, hayo ni makali. Kama anaimba vizuri huku anatembea, bado hajaanza!

Ya pili ni hesabu. Chukua 220, toa umri wake. Jibu ni makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika. Mzee wa miaka 65: 220 – 65 = 155. Asilimia 60 ya 155 ni 93. Asilimia 80 ni 124. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata mapigo 31, basi moyo unapiga mara 124 kwa dakika. Ila kama mzee anatumia dawa za moyo au presha zinazopunguza mapigo, hesabu hii itakudanganya. Tumia njia ya maongezi.

WATAFITI WALIGUNDUA NINI?

Usiamini kitu kwa sababu kimeandikwa gazetini, hata kama ni gazeti letu. Uliza: kilipimwaje? Hebu tuangalie majaribio mawili.

La kwanza lilifanyika Uholanzi, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2019. Walishiriki wagonjwa 130 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado haujawa mkali. Kundi moja lilipewa baiskeli za mazoezi, zile zisizotoka mahali pake, wakaendesha nyumbani kwao dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 6. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwisho wote walipimwa kabla ya kumeza dawa za siku hiyo. Mtaalamu alimtazama kila mmoja akigonga vidole, akiinuka kitini na akitembea, kisha akampa alama. Alama zikipanda, maana yake hali imekuwa mbaya zaidi.

Kundi la kunyoosha viungo alama zilipanda kwa 5.6. Kundi la baiskeli zilipanda kwa 1.3 tu. Unaona? Makundi yote mawili yalirudi nyuma, maana ugonjwa haukusimama. Lakini wa baiskeli walirudi nyuma kidogo sana. Mwaka 2022 watafiti hao wakatoa picha za ubongo za baadhi ya washiriki. Kwa walioendesha baiskeli, mawasiliano kati ya sehemu zinazoongoza mwendo yalikuwa yameimarika, na ubongo ulikuwa umesinyaa kidogo kuliko wa wenzao.

Jaribio la pili lilifanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2018. Wagonjwa 128 ambao walikuwa hawajaanza dawa waligawanywa makundi matatu. Wawili kati ya makundi hayo walitembea juu ya mashine ya kukimbilia, na waliagizwa wafanye hivyo siku 4 kwa wiki. Kundi moja lilikwenda kwa nguvu, moyo ukifika asilimia 80 hadi 85 ya mapigo ya juu. La pili lilikwenda kwa wastani, asilimia 60 hadi 65. La tatu liliendelea na maisha ya kawaida. Baada ya miezi 6 alama za kundi la kawaida zilipanda kwa 3.2, za wastani kwa 2.0, na za waliokwenda kwa nguvu kwa 0.3 tu. Karibu zibaki palepale.

Fundisho ni kwamba zoezi nalo lina dozi, kama dawa. Kuzunguka uani mara moja kwa mwendo wa kinyonga ni afadhali kuliko kukaa, lakini dozi yenyewe hujaifikia. Ndiyo maana shirika la Parkinson's Foundation la Marekani, kwa kushirikiana na wataalamu wa tiba ya michezo wa huko, linashauri angalau dakika 30, siku 3 kwa wiki, kwa kiwango cha wastani hadi kikali.

MIGUU INAGOMA, BAISKELI INAKWENDA

Kuna kisa ambacho madaktari wa Uholanzi walikiandika mwaka 2010. Mgonjwa wa miaka 58 alikuwa hawezi kutembea hata hatua chache. Miguu ilinata chini kama imegundishwa, na akisukumwa anaanguka. Lakini akipandishwa baiskeli anaondoka, anakata kona na kurudi kama mtu mzima kabisa! Akishuka tu, miguu inagoma tena.

Inawezekanaje? Maelezo mojawapo ni kwamba pedali zinazozunguka zinaupa mguu ishara kutoka nje. Mguu mmoja ukishuka, mwingine unapandishwa. Konda hayupo, lakini abiria mmoja amegonga bodi na dereva ameondoka.

Ishara ya namna hiyo inaweza kuwa mdundo pia. Na hapa hatuhitaji kwenda Ulaya, maana jambo hili limepimwa kaskazini mwa Tanzania. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071, na mwaka 2008 wakatoa taarifa kwamba walipata watu 33 wenye Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mganga yeyote wa hospitali kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiuita tu ugonjwa wa kutetemeka. Wengine walidhani ni uzee, wengine wakahangaika kwa waganga wa kienyeji.

Kisha baadhi ya wagonjwa wa huko ambao walikuwa bado hawajatumia dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: mwendo wao ulikuwa mzuri zaidi, hata walipotembea huku wanafanya kazi nyingine. Fikiria watu ambao hawakuwa na kidonge hata kimoja, wakasaidiwa na mdundo. Nani atasema sisi tumekosa midundo?

MAZOEZI HAYAPONYI

Tuseme wazi, maana uongo ni mbaya kuliko ugonjwa. Mazoezi hayaponyi Parkinson. Hakuna aliyethibitisha kwamba seli zilizokufa zinarudi. Majaribio mawili tuliyoeleza yalikuwa ya miezi 6, kwa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mwepesi. Na mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mtu asije akamwambia babu atupe vidonge vyake eti kwa sababu anatembea vizuri.

Lakini yanafanya mengi: mwendo unakuwa mwepesi, moyo unapata nguvu, choo kinafunguka, usingizi na moyo wa huzuni vinapata nafuu. Kwa mzee, tofauti kati ya kwenda chooni mwenyewe na kubebwa si ndogo. Hiyo nayo ni heshima.

UANZIE WAPI?

Kwanza hospitali. Kutetemeka kuna sababu nyingi, na si kila anayetetemeka ana Parkinson. Mganga ampime pia moyo na presha kabla hajaanza kukimbizana na wewe. Kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia, mwone. Akisharuhusiwa, fuata haya:

• Chagua saa ambayo dawa imeshika, si ile anapokuwa amekakamaa.
• Avae viatu vinavyokaza mguu. Ndala ziachwe nyumbani.
• Chagua njia iliyonyooka, isiyo na mashimo wala pikipiki.
• Anza na dakika 10 za polepole. Ongeza dakika chache kila wiki mpaka 30. Nguvu iongezwe baadaye, kidogo kidogo.
• Tembea pembeni yake, upande ulio dhaifu. Usimvute mkono.
• Hesabu kwa sauti: moja, mbili, moja, mbili. Au pigeni wimbo anaoupenda wenye mdundo thabiti. Asitembee na mzigo mikono yote miwili.
• Miguu ikigoma, simameni. Avute pumzi, ahamishe uzito kulia na kushoto, kisha aruke kwa hatua moja kubwa mstari uliochora chini kwa kijiti, au mguu wako uliouweka mbele yake.
• Siku ya mvua, chezeni ndani. Dansi la zamani, taarabu, ngoma ya kwao, chochote kinachomtoa jasho.

ACHENI MARA MOJA kama ana maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi inakata kupita kiasi. Mpelekeni kituo cha afya. Wengi wenye Parkinson hushuka presha wanaposimama ghafla, kwa hiyo akae kitandani kidogo kabla ya kuinuka. Na baiskeli ya barabarani asipande peke yake. Kile kisa cha Uholanzi si ruhusa ya kumpeleka babu kwenye malori.

MZEE HAAMRISHWI

Hapa ndipo vijana wengi wanakwama. Utamwambiaje mzee "fanya mazoezi"? Atakuuliza wewe ni nani. Basi usimwamrishe. Mwombe. "Shikamoo babu. Naomba unisindikize mpaka kwa fundi cherehani." Kusindikiza anakujua tangu zamani, na ni yeye anayekusaidia wewe. Kesho mwombe akuonyeshe mpaka wa shamba. Bibi mwombe akufundishe ngoma waliyocheza usichana wake, na wewe ukosee makusudi ili arudie. Mara 3 kwa wiki, dakika 30. Ukipiga hesabu, ni saa moja na nusu tu katika wiki nzima.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Je, Parkinson unaambukiza? Hapana. Kula naye, mshike mkono, lala naye chumba kimoja. Hakuna hatari.

Je, ni uchawi? Hapana. Ni upungufu wa dopamini kwenye ubongo, na aliyelogwa hangepata nafuu kwa kumeza levodopa.

Je, mzee anayeshindwa kusimama afanyeje? Mwulize mtaalamu. Wengi wanaweza kuanza wamekaa kitini, wakikanyaga miguu kwa zamu kufuata mdundo.

KAZI YA DARASANI

1. Kwa nini watafiti wa Uholanzi hawakuliacha kundi la pili likae bure, bali walilipa mazoezi ya kunyoosha viungo? Jadilini.
2. Bibi ana miaka 70. Asilimia 80 ya mapigo yake ya juu ni ngapi? Katika sekunde 15 utahesabu mapigo mangapi?
3. Watu wa Hai walikuwa wagonjwa kwa muda mrefu bila kujulikana. Taja mambo matatu yanayoweza kuwazuia wagonjwa wa kijijini au mtaani kwenu wasifike hospitali.
4. Toka nje na mwenzako. Tembeeni haraka dakika 10, kisha pimaneni mapigo. Je, mmefika asilimia 60? Kama bado, basi msiwacheke wazee!

Jibu la swali la 2: 220 – 70 = 150, na asilimia 80 yake ni 120. Kwa sekunde 15 ni mapigo 30.